Nyumba Nyeupe ya Mjumbe

Bi Wahiba hakupiga hodi siku hiyo, na kwa hilo tu Tupokigwe akajua mambo yameharibika. Mwanamke huyu wa duka la kona, aliyelelewa kwa adabu za kwao hata akiingia jikoni kwake mwenyewe hukohoa kwanza, alipanda kibarazani moja kwa moja, akaruka fungu la sare za shule zilizokuwa zikingoja vifungo, akasimama mbele ya cherehani na simu mkononi.

"Mama Isack, nieleze kitu kimoja tu," alisema. "Nyumba yangu nyekundu. Ya kushoto kwangu nyekundu, ya kulia nyekundu. Uchochoro mzima mwekundu. Ya kwako nyeupe. Kwa nini?"

Tupokigwe aliondoa mguu kwenye pedeli, akashusha miwani, akaitazama ile simu. Ilikuwa picha ya kioo cha kompyuta, imepigwa harakaharaka, lakini ilisomeka. Mapaa ya Kiwalani yalionekana kutoka juu, uchochoro wao ukijikunja kuteremkia korongoni, na kila paa limepakwa rangi. Mwishoni kabisa, pale njia inapofia, paa lake lilikaa peke yake, jeupe kama shuka la wageni.

"Umeitoa wapi hii?"

"Sinza, kwa watu wa mikopo. Mie na mume wangu Matar tumekwenda kuomba mkopo tupandishe msingi. Unajua kila masika sukari yetu inavyokuwa uji. Binti wa watu, mpole kabisa, kaandika mtaa wetu kwenye kompyuta, kanigeuzia kioo. Kaniambia nyumba yetu maji yanafika kifuani, hawawezi kuipokea kama dhamana. Nikamwambia, mwanangu, ndiyo maana nataka kuipandisha. Akanijibu, ikishapanda mje."

Akaisogeza simu karibu zaidi na uso wa Tupokigwe.

"Kifuani, Mama Isack. Wamekitoa wapi kifua, kama si kwa yule kijana uliyetuletea? Hodi ulipiga wewe."

Akageuka, akashuka kibarazani. Hakuaga. Tupokigwe alibaki na mguu hewani na sindano imekwama katikati ya pindo. Mshono ule baadaye alilazimika kuufumua wote.

Yafaa kumjua huyu mama kidogo, maana wengi waliomsema mwaka ule walimsema bila kumjua. Alikuja Dar es Salaam akiwa bibi harusi kutoka Tukuyu, mumewe akifanya kazi kwenye maghala ya Barabara ya Nyerere. Mume alikufa, mtoto wao Isack akakua akahamia Mwanza, na yeye akabaki na nyumba ya mwisho wa uchochoro, cherehani, na ujumbe. Ujumbe wenyewe hauna mshahara wala kiti. Mjumbe ndiye anayeamshwa watu wakigombania mpaka wa choo, ndiye anayeulizwa msiba ni wa nani, na ndiye anayetangulia mbele kila mgeni wa serikali anapoingia mtaani. Hapo ndipo penye kazi yenyewe. Uchochoroni kwao hakuna anayemfungulia mtu mwenye kitambulisho shingoni. Mkusanya kodi ana kitambulisho, tapeli ana kitambulisho, na yule aliyekuja na spika akiuza dawa ya mende alikuwa nacho kikubwa kuliko wote. Watu hufungua wakisikia hodi ya mjumbe. Makarani wa sensa waliingia kwa hodi ya Tupokigwe, wachanjaji waliingia kwa hodi yake, na vyandarua viligawiwa hivyohivyo. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, na bado ilikuwa na lafudhi ya kwao milimani. Watoto waliiigiza, na mama zao wakiisikia tu walikuwa wameshafika mlangoni.

Kwa hiyo ulipokuja ule mradi wa ramani, baada ya mvua kubwa iliyoangusha ukuta wa shule, ni yeye aliyeitwa. Kijana mmoja aitwaye Theonest, mtu wa Bukoba mwenye sauti ya upole, alikuja na kishikwambi na fulana yenye maandishi ya mradi. Alimwamkia vizuri, akakaa kibarazani, akanywa chai. Tupokigwe alimuuliza swali moja tu.

"Hizi taarifa ni za nini?"

"Za mtaro, mama. Tukijua maji yanafika wapi kwa kila nyumba, mtaro utapita panapotakiwa."

Jibu likamtosha. Neno mtaro pale kwao lilikuwa linasubiriwa kama mgeni kutoka Uarabuni. Alijifunga khanga, akatangulia mbele, na kila mlango alioufikia alisema maneno yaleyale: "Hodi, ni mie. Ni za mtaro. Semeni bila woga."

Wakasema bila woga. Na hapa pana jambo ambalo mtu wa mbali hawezi kulijua. Miaka michache nyuma, baada ya mafuriko mengine, walikuja watu wa msaada wakiuliza swali hilohilo. Waliosema maji yalifika kifuani walipewa godoro na blanketi. Waliosema yalifika kifundo cha mguu walipewa pole. Tangu siku hiyo hakuna mtu uchochoroni ambaye maji yake hayakufika kifuani. Theonest alipouliza, baba mmoja alijishika chini ya kidevu. Bi Wahiba, ambaye maji yalimlowesha nusu ya muundi, alijigusa kifua kwa heshima zote kama mtu anayekula kiapo, na Theonest akaandika. Tupokigwe alikuwa amesimama pale pale. Alitazama dari.

Angesema nini? Angemwambia jirani yake mbele ya mgeni kwamba anaongopa? Kwanza aliona ni vizuri. Maji yakiwa mengi, mtaro utakuja haraka. Hivyo ndivyo alivyofikiri, na hakuwa peke yake.

Zamu ya nyumba yake ilipofika, mambo yakawa mengine. Nyumba ya Tupokigwe iko chini kuliko zote, imepakana na korongo, na mvua ikinyesha kwelikweli maji humfika mapajani. Lakini kwenye ule msaada wa zamani alikuwa amepewa godoro kama wenzake, na kwa miezi mingi lile godoro lilimtesa. Bombani ilisemwa mjumbe kala godoro. Dukani ilisemwa mjumbe alipewa mawili, moja kaficha. Mwishowe alilibeba kichwani mchana kweupe, akalipeleka kanisani, na bado ikasemwa kwamba lile la kanisani ndilo la pili. Kwa hiyo Theonest alipomuuliza, naye akiwa anaona nyuso za majirani mlangoni, alisema, "Hapa kwangu kifundo tu."

Theonest akaandika kifundo. Watu mlangoni wakatazamana, na Tupokigwe akajisikia mwepesi, akidhani safari hii hakuna wa kumsema.

Sasa alikuwa amekaa mbele ya cherehani na hasira zake. Alimkasirikia Theonest, aliwakasirikia watu wa Sinza, alijikasirikia mwenyewe. Kilichomuuma zaidi ni kwamba Bi Wahiba alikuwa na haki. Hodi alipiga yeye.

Kesho yake akaanza safari ya ofisi, na ofisi zikampiga danadana.

Mwenyekiti wa mtaa alimwambia kwamba yeye aligonga muhuri tu wa kuruhusu wageni kuingia, mambo ya ramani hayajui. Ofisi ya kata walimwambia taarifa zilipita hapo zikielekea mjini, hazikulala. Dada wa mapokezi alipojaribu kuifungua hiyo ramani, mtandao ulikuwa chini. Siku nyingine alipokwenda, mtandao ulikuwa juu lakini mwenye nywila alikuwa semina. Semina ilikuwa Morogoro, na ilihusu, dada alimwambia bila hata kutabasamu, jinsi ya kuwashirikisha wananchi.

"Basi mwambieni akirudi, wananchi walikuja," Tupokigwe akasema, akaondoka.

Ofisi ya mradi yenyewe ilikuwa mjini, ghorofani, yenye baridi la kiyoyozi la kumfanya mtu ajifunge khanga mabegani. Alipokelewa na Benson, mtu wa makamo mwenye miwani kama yake na uso wa mtu aliyechoka kwa kazi za wengine. Si mtu mbaya. Alimwamkia, akamvutia kiti, akamletea maji ya kunywa. Tupokigwe angependelea awe mbaya, maana angejua pa kuitua hasira yake.

"Nimekuja kuhusu rangi," alisema.

Benson aliifungua ramani. Kwenye kioo kikubwa uchochoro wao ulikuwa mwekundu zaidi kuliko kwenye simu ya Bi Wahiba.

"Ramani nzuri, mama. Mtaa wenu mmetoa ushirikiano kuliko mitaa yote."

"Sie mlituambia ni za mtaro. Watu wa mikopo wamezipataje?"

"Ni data wazi. Ipo kwa manufaa ya umma. Mtu wa mipango miji anaichukua, mtafiti anaichukua, benki inaichukua. Hatumfungii mtu."

"Umma ndiyo nani?"

Benson akafikiri. "Wote."

"Na sie tumo?"

"Mumo, mama, bila shaka."

"Mbona hakuna aliyekuja kutuuliza kama watu wa mikopo wapewe? Nani aliwaruhusu?"

"Hakuna aliyewaruhusu," Benson alisema, na ilionekana kwamba jambo hili alikuwa hajalisikia likitamkwa kwa sauti. "Na hakuna aliyewakataza. Wakati mradi unaanza hilo halikuandikwa popote. Tulikuwa tunawaza mafuriko."

"Kuna sheria ya taarifa za watu. Nimeisikia redioni."

"Ipo. Lakini hizi si taarifa za watu. Tafuta jina la mtu yeyote hapa, hulikuti. Hizi ni taarifa za nyumba."

"Na kwenye hizo nyumba wanakaa nani? Popo?"

Benson alicheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Tupokigwe akamweleza habari ya magodoro tangu mwanzo. Benson alimsikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza, alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Kwa hiyo hii nyekundu yote..."

"Ni magodoro."

"Na hii nyeupe?"

"Hiyo ni midomo ya watu."

Kisha Benson akamwonyesha kitu ambacho hakutaka kukiona. Mstari wa bluu ulishuka na uchochoro, ukipita mbele ya kila nyumba nyekundu. Ulikuwa ndio mtaro, ule ule uliosubiriwa, umeshachorwa na umeshapitishwa. Ulifika hadi ukuta wa nyumba ya mwisho nyekundu, na hapo ukakoma. Nyumba nyeupe haikuhitaji mtaro. Tupokigwe aliweka kidole chake kwenye kioo, pale mstari ulipokatikia.

"Maji ya wote hawa yakishafika hapa, yanakwenda wapi?"

Benson alikitazama kile kidole. "Inatakiwa yaende korongoni."

"Kati ya hapa na korongo kuna chumba changu cha kulala."

Benson aliahidi kufanya analoweza. Hawezi kubadili nyumba mojamoja kwa mdomo wa mtu mmoja, alisema, kwa sababu kesho atakuja mwingine na mdomo wake. Lakini kabla ya masika timu ingerudi kupima upya. Mjumbe awaongoze kama mwanzo, watu waseme ukweli, rangi zitabadilika na mtaro utachorwa upya.

"Na watu wa Sinza watabadilisha ya kwao?"

"Hao walishachukua nakala," Benson alisema. "Wao na wengine. Idadi yao siijui, mama. Hatukuweka utaratibu wa kujua."

Alirudi Kiwalani jua likiwa bado kali, akapitiliza hadi dukani kwa Bi Wahiba. Mzee Matar alikuwa kaunta, akimpimia mtu unga kwa utulivu wake wa siku zote. Mkewe alikuwa nyuma akipanga sabuni, na hakugeuka. Tupokigwe aliamkiana na mzee, akasimulia yote, hata habari ya maji yake kumfika mapajani.

"Mapajani," Bi Wahiba alisema akiwa bado amewapa mgongo. "Na ukasema kifundo. Mjumbe, watu huongopa kujiongezea. Nani anaongopa kujipunguzia?"

"Mie."

"Wewe ulijua. Ulijua zinakwenda wapi, ukajitoa, ukatuacha sie ndani. Timu ikirudi, usiilete kwangu. Ukipiga hodi sifungui."

Mteja wa unga alisikia, na aliyesikia huyo alikuwa na mdomo. Kufikia Ijumaa habari zilikuwa zimeshafika hadi upande wa pili wa reli: mjumbe aliuza uchochoro, nyumba yake kaificha. Wateja wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa. Walikuja kwa adabu, wakisema sherehe imeahirishwa, na Tupokigwe aliwakunjia vitambaa bila kusema neno. Wahudumu wa afya walipokuja kugawa dawa za minyoo alitangulia mbele kama kawaida, na kwenye mlango wa tatu hodi yake haikujibiwa. Ndani redio ilikuwa inaongea. Akapiga tena. Redio ikapunguzwa sauti, na mlango haukufunguliwa. Mhudumu alimtazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomliza alipofika nyumbani. Habari ya godoro wangeweza kuisema mpaka wakachoka. Hodi yake ikishakufa, alikuwa amebakiwa na ujumbe wa nini?

Mvua ya vuli mwaka ule haikuwa kubwa, ilinyesha asubuhi moja tu, lakini ilinyesha kwa ghadhabu. Ilikuwa imeshaanza kupungua pale Bi Wahiba aliposhuka uchochoroni na mwavuli. Hakuja kwa heri. Alikuja kuchukua sare ya mjukuu wake Malak ambayo ilikuwa haijashonwa, ili aipeleke kwa fundi mwingine. Njia ya mbele ya duka lake ilikuwa tope tu. Kadiri alivyoteremka tope likawa maji, na alipofika kwa Tupokigwe alikuwa amepandisha baibui kwa mkono mmoja na hajui aliweke wapi.

Akakuta cherehani juu ya meza, meza juu ya matofali, na Tupokigwe amesimama katikati ya chumba, maji yamempita magoti, anachota kwa ndoo na kumwaga dirishani, na yale anayoyamwaga yanarudi kupitia mlangoni. Sare ya Malak ilikuwa imening'inizwa juu ya boriti, kavu.

Bi Wahiba alisimama mlangoni muda. Kisha akafunga mwavuli, akauweka juu ya kabati, akachukua sufuria akaanza kuchota.

Walichota mpaka mvua ilipokata. Maji yalipoanza kushuka yaliacha mstari wa tope ukutani, chini ya mistari mingine ya zamani.

"Hii ni vuli," Bi Wahiba alisema mwishowe. "Masika inakuwaje?"

"Unaona ule mstari wa juu."

Aliutazama. Ulimfika pajani, na yeye ni mrefu kuliko Tupokigwe.

"Na bado ukasema kifundo."

"Kwa ajili ya midomo yenu."

Bi Wahiba alikaa juu ya ndoo aliyoigeuza, akakamua pindo la baibui lake. Alionekana mzee ghafla. "Ile ya godoro la pili," alisema. "Mie ndiye niliyeanza. Nilikuwa dukani na watu, nikasema kwa mzaha, wakacheka, nikaona raha. Halafu ikaondoka. Nilidhani itakufa yenyewe."

Tupokigwe aliitafuta hasira ya kumjibu nayo, akaikuta imechoka. Aliivuta sare kutoka kwenye boriti akampa.

"Shona tu wewe," Bi Wahiba alisema, akamrudishia. Alipofika mlangoni akageuka. "Hao watu wako wakirudi, walete. Nitafungua, nitawaonyesha muundi wangu wa kweli. Ila kabla hujapiga hodi, waulize safari hii wanazipeleka kwa nani. Usituulizie baadaye. Waulize kabla."

Timu ilirudi wiki chache kabla ya masika, na timu yenyewe ilikuwa Theonest peke yake, safari hii na kishikwambi kipya na koti la mradi. Alimwamkia Tupokigwe kwa furaha ya kweli. Alikuwa ameelezwa na Benson yote. Alikuja na maelekezo kwamba aanze na nyumba ya mjumbe, aupime ule mstari wa ukutani, kisha wapande na uchochoro.

"Tutaanzia kwa Bi Wahiba," Tupokigwe alisema.

Walipanda. Watu walikuwa wametoka vibarazani, kila mmoja akijifanya ana shughuli. Mama mmoja alifagia sehemu ileile mpaka ikaanza kutoka vumbi la chini. Walipofika mbele ya mlango wa Bi Wahiba, uliokuwa umefungwa, Theonest alisimama nyuma ya bega la mjumbe, kama desturi inavyotaka, akafungua kishikwambi, akasubiri hodi.

Tupokigwe hakupiga. Aligeuka.

"Mwanangu, kabla sijapiga hodi. Hizi utakazoandika leo, nani mwingine atazipata?"

"Ni kwa ajili ya mtaro, mama. Tunarekebisha."

"Nimekuelewa. Nauliza nani mwingine."

Theonest alikuwa kijana mwaminifu, na ule uaminifu wake ndio uliompa shida. "Kusema kweli hilo sijui."

"Piga simu uliza."

Akapiga. Aliongea kando, akazunguka kidogo, akasubiri, akahamishiwa kwa mtu mwingine, akasubiri tena. Vibarazani shughuli zote zilikuwa zimesimama. Tupokigwe alitazama chini mwisho wa uchochoro, lilipo paa lake. Alijua hesabu yake vizuri. Akipiga hodi leo, ukuta wake utapimwa, mstari wa bluu utafika korongoni, naye atalala masika hii chini ya blanketi kavu. Alilitaka hilo kuliko kitu chochote. Aliona uonevu kwamba kitu kidogo kama hicho, kulala pakavu, kiwekwe mkononi mwake pamoja na milango ya watu wote hawa.

Theonest alirudi, akaiweka simu mfukoni.

"Wanasema suala la nani ataruhusiwa kutumia bado linajadiliwa. Likipata majibu, mtajulishwa." Akasita. "Mama, nisipochukua leo, mtaro utachimbwa kama ulivyochorwa. Utaishia pale pale. Nimeambiwa nikukumbushe."

"Najua unapoishia."

"Mimi ningekuwa wewe ningepiga tu."

"Nilipiga mara ya kwanza," Tupokigwe alisema. "Waambie ofisini, na sie tukishajadiliana, watajulishwa."

Hakusema kwa sauti kubwa, lakini mama wa ufagio alisikia, na vibaraza vyote vikasikia kutoka kwake. Theonest alifunga kishikwambi chake. Aliaga kwa heshima, shikamoo ya pili ambayo haikuwa na ulazima, akapanda na uchochoro kuelekea barabarani, akikwepa madimbwi. Hakuna aliyemcheka.

Tupokigwe alibaki amesimama pale. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alihisi kulia, si kwa huzuni, bali kwa uchovu wa kuzunguka mwaka mzima na kurudi palepale. Mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa uwanja wa ndege. Akajitengeneza khanga, akaugeukia mlango.

"Hodi," akasema.

Kisha sauti ya Bi Wahiba ikatoka karibu sana, ya mtu aliyekuwa amesimama nyuma ya ubao muda wote.

"Uko na nani?"

"Peke yangu."

Kitasa kikazunguka.